Nywele Zilizotangaza Fainali

Umeme ulikatika Jumamosi alasiri, Yokasta Peguero akiwa chini ya drya na upande mmoja tu wa kichwa chake ukiwa umekauka. Mama yake, Mireya, ambaye saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao katika mji mdogo wa Las Guázumas, aliigonga drya kwa kiganja, kisha akatoka kibarazani kutazama kama ni mtaa mzima au ni wao tu. Ulikuwa mtaa mzima. Akarudi ndani, akakaa, akasubiri. Jioni ikaingia bado anasubiri.

Yokasta alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu alipoanza shule Jumamosi zake zote zilikuwa hivyo hivyo: sabuni inayowasha macho, roli zilizokazwa mpaka nyusi zinapanda, drya, halafu pasi. Safari hii alibaki nusu. Kushoto nywele zilikuwa singa, zimeteleza mpaka begani. Kulia zilikuwa zimekwisha kurudi kwenye kipilipili chake, na zilionekana kufurahi.

Bibi Ercilia, mama yake Mireya, alipita na sufuria ya ndizi za kuponda. Alikuwa mjane na mtu wa kanisa, na hakuwa na tabia ya kusema jambo kabla hajaliangalia vizuri. Aliliangalia.

"Mfanyeni mtoto awe mmoja," alisema. "Huwezi kumpeleka nyumba ya Mungu akiwa watu wawili."

Basi Jumapili wakamwosha kichwa kwa maji ya pipa, nywele zikaachwa zikauke kwa upepo. Zilipokauka zilisimama. Zilipanda juu na kutanuka pembeni, nyeusi, nzito, za mviringo, mpaka alipopita mlangoni ilibidi ainame kidogo. Alijitazama kwenye kioo cha saluni. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Ibada ya jioni ilianza vizuri. Umeme ulikuwa haujarudi, kwa hiyo waliimba bila kinanda. Katikati ya sala ya kuwaombea wagonjwa, ambayo Mchungaji Nicanor aliipenda ndefu, kichwa cha Yokasta kilikwaruza kidogo kama redio inayotafuta stesheni, kisha sauti ya mwanamume, mtangazaji wa besiboli, ikasema wazi kabisa:

"Mpira uko juu, unakwenda, unakwenda, umekwenda! Umetoka nje ya uwanja, pointi zetu, mabibi na mabwana!"

"Amina!" walisema wanaume wa benchi la nyuma.

Mchungaji Nicanor alifumbua jicho moja. "Nani kapiga?"

"Sijui, Mchungaji," alijibu Yokasta. "Hawajamtaja."

"Wakimtaja, nyoosha mkono." Akalifumba jicho, akaendelea na wagonjwa.

Njiani kurudi nyumbani Bibi Ercilia alitembea na Biblia kwapani. "Besiboli siku ya Bwana," alisema hatimaye. Walipofika karibu na nyumbani akaongeza, "Lakini na nywele ni za Bwana. Sikumwona mtu akikutia betri."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na manyunyu. Yudelka, rafiki yake wa toka wakiwa wadogo, alikuwa anamsubiri kwenye kona akiwa na sare kamili, shati la samawati na sketi ya kaki, na mfuko wa plastiki umefungwa kichwani mvua isije ikaharibu kazi ya Jumamosi.

"Mama wee! Shoga, umekuja na kichwa au umekuja na kivuli chake?"

"Umeme ulikatika."

"Hata kwetu ulikatika, mbona sikuota kichaka?" Yudelka alizunguka nyuma kumtazama vizuri. "Hebu niguse. Kumbe laini! Halafu ona, wewe mvua huikimbii."

Kweli, Yokasta alikuwa anatembea tu. Maji yalimwagikia nywele zile na hakuna kilichoharibika. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kwenda shule kwenye mvua huku anatembea.

Getini, Mzee Chago, mlinzi, alimtazama, akautazama ukuta. Ukutani kulikuwa na kanuni za shule kwa rangi ya mafuta, na ile ya wasichana ilisema nywele ziwe zimenyooka, au zimefungwa zikalala. Ilikuwa imepakwa upya kila mwaka, kwa hiyo ilisomeka kuliko zote.

"Mjukuu wangu, mimi sina neno," alisema Mzee Chago. "Ukuta ndio una neno. Nenda kwa Mkuu."

Mwalimu Eligio Matos, mkuu wa shule, alivaa tai hata siku ambazo mbuzi walitafuta kivuli. Wanafunzi walimwogopa, wazazi walimheshimu, na yeye mwenyewe alijiheshimu sana.

"Hiki ni nini?"

"Nywele, Mwalimu."

"Nywele naziona. Nauliza zinafanya nini."

"Zimesimama, Mwalimu."

"Basi nenda nazo nyumbani zikalale."

Yokasta aligeuka kuondoka. Hapo nywele zikakwaruza, na yule mtangazaji akaanza kusoma matokeo ya jana pamoja na hali ya bega la mrushaji mkubwa wa timu yao, ambaye mji mzima ulikuwa unamlilia.

"Ngoja," alisema Mwalimu Eligio. Alikuwa amesimama. "Bega lake wamesemaje?"

"Sikusikia vizuri, Mwalimu."

"Hebu rudisha nyuma hapo."

"Siwezi. Inasema yenyewe."

Mkuu wa shule alifunga mlango na dirisha ili kelele za uwanjani zisiingie, akasikiliza taarifa yote mpaka tangazo la saruji. Kisha akakaza tai. Alisema kanuni ni kanuni, ila mkuu wa shule anayo mamlaka ya kutoa kibali maalumu kwa sababu za kimasomo. Akakitoa kwa mdomo, cha kutumika mpaka besiboli itakapofunga msimu.

Maisha yakaendelea. Asubuhi nywele zilitoa matokeo, adhuhuri uchambuzi, na siku za mechi ya alasiri zilitangaza mechi yenyewe. Yokasta alihamishiwa dirishani upande wa kusini, mahali ambapo sauti ilikuwa haikwaruzi, na ambapo ubao hauonekani kabisa. Yudelka alimsomea yaliyoandikwa. Walimu wa madarasa ya jirani walianza kufundisha milango ikiwa wazi, kwa ajili ya hewa. Siku ya mtihani wa historia ilikuwa mechi kali, na nusu ya darasa iliandika kwamba vita vya uhuru vilimalizika saba kwa mbili. Yokasta, aliyekwisha kuzoea kelele za kichwa chake mwenyewe, aliandika jibu sahihi.

Kusema kweli alikuwa anaongoza darasa tangu awali, na alikuwa anaongoza kwa sababu. Kila tarehe ishirini na saba Februari, siku ya uhuru, mwanafunzi aliyeongoza shule nzima ndiye aliyebeba bendera. Anavaa glavu nyeupe, anatangulia mbele ya wote, na hata mkuu wa shule anamwachia njia. Mireya aliibeba alipokuwa msichana. Picha ilikuwa ukutani saluni, juu ya kioo: Mireya na bendera, shingo imenyooka, tabasamu kubwa, nywele zimelala kama zimelambwa na ng'ombe. Yokasta alikua anaitazama picha ile kila Jumamosi akiwa chini ya drya, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Aliitaka ile bendera kuliko alivyotaka simu.

Mireya naye aliitaka kwa niaba yake, lakini alikuwa na mashaka.

"Wateja wananiuliza," alisema siku moja anafagia. "Eti, Mireya, wewe unanyoosha vichwa vya watu, cha mwanao umekiachia nani?"

"Waambie kina shughuli," alisema Bibi Ercilia.

Januari ilipoelekea mwisho, timu yao ilifika fainali, na mechi ya mwisho ikapangwa Jumapili alasiri. Umeme ulikatika toka Ijumaa. Mwalimu Eligio alituma salamu kwamba angefika mwenyewe nyumbani kwa kina Peguero kusikiliza, ikiwa haitakuwa usumbufu. Mireya alipopata salamu zile hakulala vizuri. Mkuu wa shule nyumbani kwake! Na alama zinasomwa wiki hiyo hiyo!

Jumamosi aliwasha mkaa, akatia kitana cha chuma cha zamani, kile kilichotumika kabla ya drya kufika mjini.

"Mama, wanakuja kusikiliza," alisema Yokasta.

"Wanakuja na macho pia. Kaa hapa. Unataka akukute na kichaka, halafu akupe bendera uipeperushie wapi? Kaa."

Yokasta alikaa. Moshi ulipanda, harufu ya kuungua ikajaa chumba, na jioni nywele zilikuwa zimelala singa, kimya.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuja na viti vyao wenyewe. Mchungaji Nicanor alikuja na mkewe, Mzee Chago na meza yake ya domino, Yudelka na ndugu zake, na Mwalimu Eligio akaja na shati jeupe lenye marinda kifuani, lile la sherehe. Uani pakajaa.

"Binti kapendeza!" alisema Mwalimu Eligio. "Huyu sasa ni mwanafunzi."

Mireya aliona haya kwa furaha. Wakamkalisha Yokasta kwenye kiti katikati, wakapewa kahawa, wakanyamaza, wakasubiri. Saa ya mechi ikafika. Ikapita.

"Labda hawajaanza," alisema Mchungaji.

"Wameanza," alisema Mwalimu Eligio, anatazama saa yake. "Mgeuzeni kuelekea mashariki."

Wakamgeuza na kiti chake. Kimya. Wakamgeuza kusini. Mzee Chago alimpulizia kisogoni kama mtu anayepuliza vumbi kwenye redio. Mchungaji aliweka mikono yote miwili kichwani na kuomba, sala fupi safari hii, lakini hakikutoka kitu. Jua lilikuwa linashuka. Mahali fulani mechi iliyosubiriwa miaka na miaka ilikuwa inachezwa, na Las Guázumas nzima ilikuwa inatazama kichwa kilichonyooshwa vizuri sana.

"Nani kazifanya hivi?" aliuliza Mwalimu Eligio.

"Mimi," alisema Mireya. "Ili zipendeze, Mwalimu."

"Lo, mama! Siku zote za mwaka, leo?"

Bibi Ercilia, aliyekuwa anatazama tu kutoka jikoni, alijifuta mikono. "Maji," alisema.

Pipa lilikuwa tupu, maana watu wote wale walikuwa wamenywa kahawa. Mkuu wa shule hakusubiri mtoto atumwe. Alichukua ndoo mwenyewe, akakimbia mpaka kwenye tangi la Mzee Chago, akarudi maji yanamwagikia viatu. Akamwagia Yokasta kichwani yote, kisha akatia vidole kumi kwenye nywele zile na kuanza kuzivuruga kama anakanda unga.

"Jikunjeni," alikuwa anaziambia. "Jikunjeni, warembo wangu, jikunjeni."

Nywele zilijikunja. Zilianzia kwenye shina, msokoto mmoja mmoja, zikapanda, na kadiri zilivyopanda sauti nayo ikapanda kutoka mbali: mkwaruzo, kelele za watu, tangazo la mafuta ya kupikia, halafu mtangazaji mwenyewe, amepwelewa sauti. Kipindi cha mwisho. Wapinzani mbele kwa moja. Timu yao ina watu wawili wanaosubiri kukimbia. Mpigaji kasimama, kapiga, na mpira ukaenda mahali ambapo mpaka leo, kwa maneno ya mtangazaji, haujarudi.

Viti vilianguka. Mchungaji alimkumbatia Mzee Chago. Mwalimu Eligio alipiga magoti kwenye matope, akalaza shavu lake juu ya kichwa cha Yokasta, akalia.

"Mungu akujalie nywele hizi maisha yako yote, binti," alisema.

Siku iliyofuata Yokasta alifika getini na nywele zake, zikiwa zimechoka kidogo. Mzee Chago alitazama ukuta, akatazama chini.

"Mjukuu wangu," alisema. "Msimu umefungwa."

Mwalimu Eligio alimpokea ofisini akiwa na tai. Alimsomea matokeo kwa sauti ya kujivunia: alikuwa ameongoza shule nzima, na aliyemfuata, Yudelka, alikuwa mbali. Bendera ilikuwa yake.

"Asante, Mwalimu."

"Ila bendera ni kitu cha heshima. Wageni watakuwepo, picha zitapigwa. Haiwezi kutanguliwa na," akatafuta neno, "na hivyo. Kazinyooshe, njoo uichukue. Usiponyoosha, itabebwa na wa pili, na darasani pia hutaingia."

"Lakini jana, Mwalimu..."

"Jana tulikuwa kwenye mpira," alisema Mwalimu Eligio. "Hapa ni shule."

Alikuwa anasema kwa nia njema, na Yokasta aliliona hilo. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nyumbani Mireya hakuuliza mengi. Alipuliza mkaa, akatia kitana, akavuta kiti. "Ni asubuhi moja tu, mwanangu. Ukitoka hapo, hata ukitaka kufuga kuku kichwani, shauri yako."

Yokasta alisimama nyuma ya kiti. "Mama, sitaki."

"Hutaki bendera?"

"Bendera naitaka." Alikuwa analia sasa. "Nimeisomea. Mbona alama walizikubali nywele zikiwa hivi hivi? Sitaki kuunguzwa ili nipewe kitu changu."

Kitana kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. Mireya aliinua macho kwenye picha iliyo juu ya kioo, akaitazama kama mteja asiyemfahamu.

"Siku ile nilikuwa na vidonda nyuma ya masikio yote mawili," alisema. "Bibi yako alinipaka samli. Unaona nilivyonyoosha shingo? Nikigeuka inauma. Ndiyo maana natabasamu hivyo, nimeuma meno."

"Hukuwahi kuniambia."

"Picha ilitoka vizuri."

Bibi Ercilia alikitoa kitana motoni kwa kitambaa, akakitumbukiza kwenye ndoo. Kikachemsha maji. "Mtoto ale," alisema, na wakala maharage. Siku ya pili Mireya alifungua saluni kama kawaida, na wateja wakaja kunyooshwa kama kawaida.

Februari yote Yokasta alisomea nje ya ukuta wa shule. Kila alasiri Yudelka alimpitishia madaftari kwenye nondo za geti. Mara ya kwanza alileta pia maneno mengine.

"Wamenipa mimi," alisema. "Nimemwambia Mkuu ni yako, akasema kama siitaki atampa wa tatu, yule mwana wa mwenye duka la saruji."

"Basi ichukue wewe. Ukimwachia yule sitasema nawe."

"Glavu zinanipwaya."

"Tia pamba kwenye vidole."

Tarehe ishirini na saba ilikucha na jua. Uwanja wa shule ulipambwa, wageni wakakaa chini ya turubai, na Yudelka akasimama mbele ya wote na bendera, nywele singa, pamba kwenye vidole. Yokasta alisimama ng'ambo ya barabara pamoja na mama yake na bibi yake, maana barabara haina kanuni ukutani. Mwalimu Eligio alishika kipaza sauti, akakaribisha wimbo wa taifa, akampa ishara fundi wa spika. Hapo umeme ukakatika.

Bendi hawakuwa nayo. Walisubiri. Yudelka alianza kutetemeka mikono, kwa kuwa bendera ile ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana pichani. Wageni walianza kujipepea. Na kutoka ng'ambo ya barabara, kwanza mkwaruzo, kisha tarumbeta na ngoma, wazi na kwa utaratibu, ikasikika bendi kubwa ya gwaride la mji mkuu, Santo Domingo, inajiandaa.

Mwalimu Eligio alitembea haraka mpaka getini. "Binti! Sogea, sogea hapa!"

Yokasta alivuka barabara.

"Karibu zaidi. Hapo hapo! Usivuke geti."

Akasimama nje, pua yake ikigusa nondo. Bendi ilianza. Shule nzima iliimba wimbo wa taifa kwa muziki wa kichwa chake, wageni wamesimama, mikono vifuani, na watu wazima wawili watatu walifuta macho, kwa sababu spika ya shule ilikuwa haijawahi kutoa sauti safi namna ile. Yokasta aliimba pia. Bibi Ercilia, nyuma yake, alimwekea mkono begani na hakuuondoa.

Ulipokwisha, mkuu wa shule alimwinamia kupitia nondo. "Kwa niaba ya shule, asante sana."

"Sasa naweza kuingia, Mwalimu?"

"Kuingia?" aliuliza, kwa upole kabisa. "Na nywele hizo? Nenda kazichane, binti."

Yokasta alitazama bendera kwa muda. Kisha akaomba baraka kwa bibi yake, kama mtu anavyoomba akianza safari, bibi yake akasema Mungu akubariki, na wote watatu wakashika njia ya nyumbani. Kule Santo Domingo bendi ilikuwa imeingia kwenye wimbo wa gwaride, kwa hiyo walijikuta wanakwenda kwa mguu mmoja, kushoto, kulia, hata Bibi Ercilia na goti lake.

Nyuma yao Yudelka aliusikia muziki, na kwa vile hapakuwa na mwingine, akaufuata. Shule nzima ikamfuata yeye. Bendera ilikuwa imekaribia kutoka getini pale Mwalimu Eligio alipopaza sauti, na Mzee Chago, akitazama chini, akafunga. Wanafunzi hawakuambiwa wasimame. Wakaendelea kupiga mguu pale pale, mstari baada ya mstari, ndani ya geti lililofungwa, mpaka muziki ulipokata kona.